Maji ya kahawia ya Flint: malalamiko ya mkazi yalipita wapi

Tarehe 21 Januari 2015, wakazi wa mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, waliingia kwenye mkutano wa hadhara kuhusu maji wakiwa wamebeba maji yenyewe. Wengine walishika magaloni ya plastiki, wengine chupa, na ndani yake maji yalikuwa ya manjano au ya kahawia, kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Picha za siku hiyo zipo hadi leo: watu wamenyanyua vyombo vyao juu ya vichwa ili maofisa waone. Kwa karibu miezi tisa walikuwa wamepiga simu na kulalamika kwa mdomo. Siku ile walileta kielelezo.

Kisa cha Flint husimuliwa kama kisa cha sumu, au cha siasa, au cha ubaguzi dhidi ya mji wa watu maskini wenye Weusi wengi. Yote hayo yamo. Hapa nataka kukifuatilia kwa njia nyembamba zaidi: njia ya taarifa. Mkazi akisema bomba lake linatoa maji mabaya, maneno yake yanafika kwa nani, yanageuzwa kuwa nini huko ofisini, na aliyeyapokea ana mamlaka gani ya kuyafanyia kazi? Naamini Flint iliumia hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu habari zilizohitajika kuokoa watu zilikuwa zimeshafika serikalini mapema, na waliozifikisha ni wakazi wenyewe.

Kwanza niseme mambo yalivyoanza. Flint ni mji wa takriban watu 100,000, na ndiko kampuni ya magari ya General Motors ilikozaliwa mwaka 1908. Viwanda vilipopungua, mji ukafilisika. Mwishoni mwa mwaka 2011 gavana wa Michigan akauweka chini ya meneja wa dharura, mtu aliyeteuliwa na jimbo na kupewa mamlaka ya meya pamoja na baraza la madiwani. Meya alibaki na cheo chake, madiwani wakabaki na viti vyao, lakini maamuzi ya fedha na huduma yakawa ya meneja. Kwa miongo mingi mji ulikuwa ukinunua maji yaliyosafishwa na Detroit kutoka Ziwa Huron. Ili kubana matumizi, ukaamuliwa ujiunge na bomba jipya lililokuwa likijengwa kutoka ziwa hilohilo, na wakati ujenzi unaendelea, watu wanywe maji ya Mto Flint. Tarehe 25 Aprili 2014, mbele ya wageni na kamera, Meya Dayne Walling akabonyeza kitufe cha kufunga maji ya Detroit.

Maji ya mto yalikuwa na kloridi, aina ya chumvi, nyingi kuliko yale ya ziwa, na kloridi hula chuma. Detroit walikuwa wakitia othofosfeti kwenye maji yao, dawa inayojenga utando mwembamba ndani ya mabomba na kuyakinga. Flint haikutia chochote cha namna hiyo. Idara ya mazingira ya jimbo ilikuwa imeelekeza kwamba kwanza yapimwe maji kwa vipindi viwili vya miezi sita, ndipo ionekane kama kinga inahitajika. Wakati wanapima, utando uliojengwa kwa miaka mingi ulikuwa ukimomonyoka.

Malalamiko yalianza kabla kiangazi cha mwaka ule hakijaisha. Maji yananuka, maji yana rangi, mtoto akioga anatoka vipele. Mji ulijibu kwa kufungua mabomba ya zimamoto mitaani ili maji machafu yamwagike na mapya yaingie. Mwezi Agosti vikapatikana vijidudu vya kinyesi katika maji, watu wakaambiwa wachemshe, na Septemba wakaambiwa tena, mara mbili. Klorini ikaongezwa kuua vijidudu. Klorini nyingi ikikutana na uchafu wa mto huzaa kemikali nyingine zenye madhara zikinywewa muda mrefu, na kweli, mwanzoni mwa Januari 2015 kila nyumba ikapata barua kwamba kemikali hizo zimepita kiwango cha sheria. Hiyo barua ndiyo iliyojaza watu kwenye mkutano niliouanza nao.

Hapa nataka tutulie kidogo, maana kwangu hili ndilo fundo la kisa kizima.

Rangi ya kahawia ni kutu. Ni chuma kilichobanduka kwenye mabomba makuu ya mji. Madini ya risasi, ambayo baadaye yalibainika kuwa ndiyo hatari kubwa kwa watoto, hayana rangi ndani ya maji, hayana harufu wala ladha. Kwa hiyo ofisa aliyemjibu mkazi kwamba kutu peke yake haimdhuru mtu kiafya, alikuwa akisema jambo ambalo kwa ufinyu wake si uongo. Mkazi alilalamikia rangi, ofisi ikajibu kuhusu rangi, faili likafungwa.

Lakini kutu haitoki hewani. Maji yanayobandua chuma kwenye bomba kuu yatabandua na risasi kwenye bomba dogo linaloingia nyumbani, kama bomba hilo ni la risasi, na katika mji mkongwe kama Flint maelfu yalikuwa ya risasi. Tena chuma kinachobanduka hula klorini njiani. Maji yanaondoka mtamboni yakiwa na dawa, yanafika mwisho wa mtaa dawa imekwisha, vijidudu vinapata mahali pa kuishi. Rangi ileile moja, basi, ilikuwa ikitoa ushahidi wa mambo matatu kwa pamoja: mabomba yanaliwa, dawa inapotea, na risasi iko njiani. Mwananchi hana wajibu wa kujua hayo yote. Kazi yake ni kusema anachokiona. Kujua kinachomaanishwa na anachokiona ni kazi ya mtaalamu anayelipwa kupokea taarifa, na mtaalamu wa maji anajua vizuri sana kwamba maji ya kutu ni dalili ya bomba linaloliwa. Swali hilo moja, "kwa nini mabomba yetu yameanza kuliwa mwaka huu?", lingetosha kumpeleka mtu kwenye daftari la mtambo, na daftari lingemwonyesha kwamba hakuna dawa ya kukinga mabomba inayotiwa.

Mwezi Oktoba 2014 kuna aliyeuliza swali hilo na akasikilizwa. Kiwanda cha injini cha General Motors kiliona vipuri vyake vinashika kutu kwa maji ya mji, kikaomba kuhama. Kikaruhusiwa kuchukua maji kutoka mji wa jirani, maji ya Ziwa Huron, ingawa mji wa Flint ulipoteza kama dola 400,000 kwa mwaka. Sina neno na kiwanda: kiliona tatizo, kikasema, kikasaidiwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ninachoumia nacho ni kwamba taarifa ya kiwanda na taarifa ya mama wa nyumbani zilikuwa moja. Zote mbili zilisema maji haya yanakula chuma. Januari iliyofuata, wafanyakazi wa jengo la serikali ya jimbo mjini Flint waliwekewa majokofu ya maji ya chupa. Majumbani watu waliendelea kupokea bili za maji ya mto.

Na hata pale kilio kilipomfika mwakilishi wa wananchi, kiligonga ukuta. Tarehe 23 Machi 2015 baraza la madiwani lilipiga kura 7 kwa 1 mji urudi kwenye maji ya Detroit. Meneja wa dharura aliyekuwapo, Jerry Ambrose, alikataa, akasema gharama haibebeki. Kura ikaishia hapo. Detroit ilikuwa imeshajitolea kuwaunganisha tena bila kudai ada ya kuunganishwa, na hilo nalo lilikuwa limekataliwa. Tunapozungumzia mifumo ya kupokea kero, namba za simu, madirisha ya huduma, programu za simu, huwa tunauliza kama mkazi anaweza kufikisha taarifa. Flint walifikisha. Waliyemfikishia alikuwa amenyang'anywa uwezo wa kuamua, na mwenye uwezo hakuhitaji kura yao ili abaki kazini.

Sasa nije kwa LeeAnne Walters, kwa sababu kupitia nyumba yake tunaweza kuona kwa karibu taarifa moja inavyozimwa. Walters, mama wa watoto wanne, alikuwa akipata maji ya kahawia bombani na aliusumbua mji mpaka wakaja kupima. Februari 2015 kipimo kilionyesha mikrogramu 104 za risasi kwa lita. Kiwango ambacho sheria ya Marekani ilitaka hatua zichukuliwe kikivukwa kilikuwa 15. Machi wakapima tena: 397. Alichoambiwa ni kwamba tatizo litakuwa kwenye mabomba ya ndani ya nyumba yake. Mabomba ya ndani ya nyumba yake yalikuwa ya plastiki.

Mji ukamletea msaada wa aina yake: mpira wa kumwagilia bustani ukaunganishwa kutoka nyumba ya jirani hadi kwake ili apate maji. Nauona mpira huo kila nikifikiria kisa hiki, umelala juu ya nyasi kati ya nyumba mbili. Ni jibu la mtu aliyekwishaamua kwamba shida ni ya nyumba moja. Kama shida ni ya nyumba moja, jirani ana maji mazuri, na mpira wa bustani unatosha. Dhana hiyo haikuwa imepimwa na yeyote.

Walters naye alikuwa ameshaanza kusoma. Alisoma taarifa za uendeshaji wa mtambo, akaona kwamba katika dawa zinazotiwa kwenye maji hakuna ya kukinga mabomba, akampigia Miguel Del Toral, mtaalamu wa kanuni za maji katika wakala wa mazingira wa serikali kuu. Del Toral akauliza jimbo. Februari aliambiwa mji una mpango wa kukinga mabomba. Aprili jimbo likakiri hakuna. Mwishoni mwa Aprili Marc Edwards, profesa wa uhandisi katika chuo kikuu cha Virginia Tech, akapima sampuli 30 kutoka nyumba ya Walters. Ya chini kabisa ilikuwa na mikrogramu 200 kwa lita, ya juu kabisa 13,200. Maji yenye 5,000 huhesabiwa kisheria kuwa taka hatarishi. Del Toral aliandika waraka wa ndani tarehe 24 Juni akieleza hatari hiyo wazi. Waraka ulipovuja Julai, msemaji wa idara ya mazingira ya jimbo alisema redioni kwamba anayehofia risasi katika maji ya Flint anaweza kutulia.

Alikuwa na takwimu za kumpa ujasiri huo, na namna takwimu zile zilivyopatikana ni jambo la kulichunguza kwa makini. Sheria haikutaka kila nyumba ipimwe. Ilitaka sampuli kutoka nyumba zenye hatari zaidi, zile zenye mabomba ya risasi, na vipimo vikipangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, kile kinachofunga asilimia 90 ya kwanza kisizidi mikrogramu 15. Wakazi walikabidhiwa chupa pamoja na maelekezo. Maelekezo yaliwaambia wafungulie maji dakika kadhaa usiku kabla ya siku ya kuchukua sampuli, hatua inayosafisha risasi iliyolala bombani. Chupa zenyewe zilikuwa na mdomo mwembamba, na mdomo mwembamba humlazimu mtu afungulie maji taratibu. Maji yaendayo taratibu hayabandui chembe kama yaendayo kwa nguvu. Na nyumba zilizochaguliwa hazikuwa zimethibitishwa kuwa na mabomba ya risasi, kwa sababu kumbukumbu za mabomba ya mji zilikuwa kwenye kadi za karatasi zipatazo 45,000, nyingine zimeandikwa kwa penseli, zimepangwa kwenye makabati.

Sampuli 71 zikakusanywa katika nusu ya kwanza ya mwaka 2015. Mbili zikaondolewa. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya nyumba ya Walters, ile ya 104, kwa hoja kwamba alikuwa na kichujio. Zikiwemo zote 71, mji ulikuwa umevuka kiwango na ulipaswa kisheria kuwatangazia watu. Zilipobaki 69, kipimo kikasoma 11. Mkazi mmoja alipaza sauti kuliko wote, na sauti yake ndiyo iliyofutwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo wakazi wakahesabu wenyewe. Agosti 2015 timu ya Edwards ilituma vifurushi 300 vya kupimia. Kila kifurushi kilikuwa na chupa tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Maji yalale bombani saa sita au zaidi, kisha ya kwanza yatokayo yajaze chupa kubwa ya lita moja. Yaache yatiririke sekunde 45, ujaze ya kati. Dakika mbili, ujaze ndogo. Chupa ya kwanza inasema habari za bomba la ndani, ya pili inasema habari za bomba litokalo barabarani, ya tatu inasema habari za bomba kuu. Vikundi vya wakazi viligawa vifurushi nyumba kwa nyumba, vikawafundisha watu namna ya kujaza, vikahakikisha mitaa yote ya mji imeingia, vikakusanya chupa na kuzirudisha. Kufikia mapema Septemba sampuli 252 zilikuwa zimepimwa, na kipimo kilekile cha sheria kilisoma zaidi ya 25.

Jambo moja hapa linanigusa sana. Watu wale walikuwa na mwaka mzima na ushee wa kutosikilizwa. Walikuwa na kila sababu ya kukata tamaa na karatasi na maelekezo. Lakini walipopewa njia ya kupima iliyoeleweka na mtu aliyeahidi kuwarudishia majibu, walifanya kazi ya maabara jikoni mwao kwa uangalifu, na wakaifanya kwa wiki chache. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba wananchi hutoa taarifa zisizoaminika, zenye hasira nyingi na ukweli kidogo. Chupa 252 za Flint zinajibu hilo vya kutosha.

Jimbo lilipinga matokeo hayo mwanzoni. Tarehe 24 Septemba Dkt. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto mjini humo, akatangaza kwamba watoto wadogo wenye risasi nyingi katika damu wameongezeka kutoka asilimia 2.1 hadi 4.0 tangu maji yabadilishwe. Naye akapingwa kwa siku kadhaa, kisha jimbo likarudia hesabu zake na kukuta ni sahihi. Tarehe 16 Oktoba 2015 Flint ikarudi kwenye maji ya Detroit, karibu miezi kumi na minane baada ya kitufe kubonyezwa. Baadaye, Januari 2016, umma ukaelezwa kwamba katika miaka ile kulikuwa pia na mlipuko wa homa ya mapafu iletwayo na bakteria wa maji, legionela, ulioua watu wasiopungua 12.

Tume ya watu watano iliyoundwa na gavana mwenyewe ilitoa ripoti Machi 2016. Ililaumu zaidi idara ya mazingira ya jimbo, ikawalaumu pia mameneja wa dharura, na iliandika bila kumung'unya kwamba sauti za wakazi zilipuuzwa na kubezwa. Mwezi mmoja kabla, wakala wa mazingira wa serikali kuu ulikuwa umezielekeza mamlaka zote za maji nchini ziache kuwaagiza watu kufungulia maji kabla ya sampuli, na zitumie chupa zenye mdomo mpana. Mwezi Novemba 2021 mahakama iliidhinisha fidia ya dola milioni 626, sehemu kubwa ikilipwa na jimbo.

Kurudisha maji ya ziwa hakukuondoa mabomba. Ilibidi yatafutwe, na zile kadi za makabatini hazikutosha kusema ni nyumba ipi ina bomba la aina gani. Nyingine zilisema shaba na chini ya udongo pakawa na risasi. Kuanzia mwaka 2016 mafundi walianza kwenda uani kwa mtu mmoja baada ya mwingine. Wanachimba shimo karibu na valvu, wanalifuta bomba tope, wanalikwaruza. Likitoa wekundu ni shaba. Likikwaruzika kwa urahisi na kung'aa kifedha ni risasi, linakatwa, linatolewa, linaingizwa la shaba. Kazi hiyo ilikwenda hadi mwaka 2025, na karibu mabomba 11,000 yakatolewa.

Maji sasa yanapimwa na yako ndani ya viwango. Hata hivyo wapo wakazi wengi wasioyanywa. Wanapika kwa maji ya chupa, wanabadilisha vichujio, na ukiwaambia vipimo ni vizuri watakuuliza vimechukuliwa nyumba zipi, kwa chupa gani, na kama kuna sampuli iliyoondolewa.